Mkufu wa fataki hukatika kabla ya kumalizika: kosa liko wapi?

Kiwanja_Kimoja ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Nawauliza wanaozijua fataki za Diwali kwa undani. Kiwanja chetu hapa Mombasa kinatumiwa na familia kadhaa, na usiku wa sikukuu huwashwa mikufu ya fataki, ile ambayo Wagujarati huiita lum. Ipo ya fataki 100 na ipo ya 1000. Ya 100 hulia mpaka mwisho. Ya 1000 hulia theluthi, ikijitahidi sana nusu, halafu kimya. Ukimulika tochi unaukuta mkufu umekatika vipande vipande, fataki nzima zimetapakaa mchangani, na nyingine utambi umekwisha kuungua lakini mwili uko vilevile.

Mzigo hununuliwa mapema, kwa hiyo hukaa stoo miezi miwili mitatu. Siku yenyewe hufunguliwa na kuwekwa chini kama ulivyotoka kwenye karatasi, umejiviringa.

Kwa nini ni ule wa 1000 tu unaokatika? Zilizobaki zinaweza kuwashwa moja moja? Na zilizoingia unyevu, zikianikwa juani zinarudi? La pili ndilo linalonikosesha usingizi, maana alfajiri watoto ndio wa kwanza kufika pale kuokota.

Utambi_Mkuu:

Naanza na la watoto. Zilizobaki haziwashwi, si moja moja wala kwa mafungu. Ile ambayo utambi wake umeungua na haijapasuka ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Cheche inaweza kuwa ingali hai ndani ya shingo ya fataki, inakula karatasi polepole bila kuonekana, na ikafika kwenye baruti wakati mtu ameinama kuitazama. Hata kama imezima kabisa, utambi uliosalia ni kijinukta tu. Kwa fataki zinazouzwa kwa wananchi, kanuni za Marekani zinataka utambi uungue kwa sekunde zisizopungua 3 na zisizozidi 9, ili mtu apate muda wa kuondoka na pia asirudi kuchungulia akidhani umezima. Kijinukta hicho hakikupi hata sekunde 1.

Kuna na mchezo wa kuzipasua, kumwaga unga kwenye karatasi na kuuwasha ili kuona moto. Unga ukiwa nje ya karatasi yake haulii, ila huwaka wote kwa mkupuo mmoja, na mkono wa aliyeuwasha uko juu yake. Mchezo huo ukomeshwe kabisa.

Sasa kukatika. Fataki moja ya mkufu ni mrija mdogo wa karatasi iliyoviringwa tabaka juu ya tabaka. Chini umezibwa kwa udongo mkavu au karatasi iliyokunjwa na kubanwa, katikati kuna baruti kidogo sana, juu umebanwa shingo kuukaba utambi. Mlio hautokani na baruti peke yake, unatokana na karatasi inayoibana mpaka inapasuka. Ndiyo maana fataki ambayo kizibo chake kimelegea hutoa “fyuu” na moshi bila kulia: hewa ya moto imepata pa kutokea. Nyingi ya zile mnazozikuta “zimeungua utambi, mwili mzima” ni za namna hiyo, au ni zile ambazo moto wa utambi ulifia shingoni kwa sababu pamebanwa mno au baruti haikufika juu.

Tambi za fataki zote zimesukwa kwa jozi, kushoto na kulia, kwenye utambi mkuu unaopita katikati. Ukiutazama kwa karibu ni kama ukili wa mkeka. Utambi wenyewe ni shashi nyembamba iliyosokotwa ikiwa na uzi wa baruti ndani yake, na usukaji huo ndio unaobeba moto kutoka jozi hadi jozi.

Sharti la mkufu kulia wote ni moja: moto wa utambi mkuu uwe umeshatangulia mbele kabla fataki ya nyuma haijapasuka. Utambi mdogo wa kila fataki ndio unaotoa ucheleweshaji huo. Fataki ikipasuka mahali moto haujapita, pigo lake linauchana utambi mkuu, na yote iliyobaki mbele haina wa kuifikishia moto. Mkufu umekatika.

Hapo ndipo lilipo kosa la kuuacha umejiviringa. Wa 100 ni mfupi, hata ukiutupa chini unajinyoosha wenyewe. Wa 1000 ukiwa roli, tabaka zimelaliana. Fataki ya tabaka la ndani inapasuka chini ya tabaka la nje ambalo zamu yake haijafika, inalirusha juu na kulichana. Cheche nazo zinaruka tabaka na kuwasha mkufu katikati, kwa hiyo unawaka sehemu mbili au tatu kwa wakati mmoja na kila sehemu inaikata mwenzake. Mwanzoni unasikia mlio mzito uliochanganyika, mnafurahi, kisha kimya. Ule mlio mzito ndio dalili kwamba unajichana.

Unyoosheni. Utandazwe mstari mmoja ulionyooka, au kwa mpindo mpana kama herufi U, kwenye sakafu ngumu au udongo ulioshindiliwa. Mchanga laini si mzuri kwa sababu fataki huzama nusu, nyingine hufukiwa na mchanga unaorushwa na jirani yake, na asubuhi huzioni. Wakati wa kuunyoosha ushikeni kwenye miili ya fataki. Msiuvute kwa ncha wala msiukung’ute. Kila mkunjo mkali wa utambi mkuu unavunja uzi wa baruti ndani ya shashi, nje unaonekana mzima na ndani pana pengo.

Mwanzi_Mbichi:

Naongezea njia ya Wachina, maana mkufu huu asili yake ni kwao na wao hawautandazi wakipata pa kuutundika. Hufungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu au kwenye nguzo, ukaning’inia, na huwashwa kwa chini. Moto unapanda. Kila fataki inayopasuka inaacha chini yake patupu, zilizobaki zinabaki juu zikivutwa na uzito wao wenyewe, hazilaliani. Ukiuwasha kwa juu unafanya kinyume: sehemu inayowaka inaukata mkufu uliobaki, unaanguka chini kama lundo, na mnarudi kwenye kosa la roli.

Ncha ya chini iwe usawa wa goti hivi kutoka ardhini. Juu fungeni kwa waya, kamba ya katani au nailoni inaungua na mkufu unashuka ukiwa unalia. Na kwa sisi wa pwani kuna suala la makuti. Paa la makuti likiwa upande upepo unakoelekea, hapo si mahali pa mkufu, wa kutundika wala wa kutandaza. Karatasi inayorushwa na fataki huwa na ukingo unaofuka moto, na makuti makavu hayahitaji zaidi ya hapo.

Kwa wanaopenda kujua jambo lilikotoka: jina la zamani la fataki kwa Kichina ni baozhu, yaani mwanzi unaopasuka. Kabla ya baruti, vipande vya mwanzi mbichi vilitupwa motoni. Hewa na maji yaliyofungiwa kati ya pingili mbili hupata joto, hayana pa kutokea, pingili inapasuka kwa kishindo. Maandishi ya karne ya 6 yanaeleza watu wakifanya hivyo uani alfajiri ya siku ya kwanza ya mwaka, jogoo akiwika, ili kufukuza viumbe wabaya wa milimani. Baadaye karatasi ikachukua nafasi ya pingili na baruti nafasi ya maji, lakini kanuni ni ileile aliyoieleza Utambi_Mkuu: kitu kilichobanwa kinatafuta njia. Neno la mkufu, bianpao, lina ndani yake neno “mjeledi”, kwa ule mfululizo wa mlio. Mapokeo yanamtaja Li Tian wa Liuyang, wakati wa utawala wa nasaba ya Tang, kuwa ndiye baba wa mafundi wa fataki, na mpaka leo Liuyang, jimbo la Hunan, ni kitovu kikubwa cha kazi hiyo.

Karatasi nyekundu nayo ina maana yake: nyekundu ni rangi ya heri na ya kufukuza mabaya, na yale makombo mekundu yanayotapakaa mlangoni baada ya mlio huachwa siku ya kwanza, hayafagiwi, kwa imani kwamba ukifagia unatoa bahati nje. Kwa mwenye watoto nyumbani desturi hiyo ya kutofagia haifai hata kidogo.

Kiwanja_Kimoja:

Nashukuru sana ndugu zangu. Kumbe ule mlio mzito tuliokuwa tunaushangilia ndio ugonjwa wenyewe. Bado la unyevu na la kuwasha: sisi hutumia vijiti vya cheche vya watoto kuwashia utambi.

Stoo_Kavu:

La unyevu nalichukua mimi, maana kwa pwani ndilo linaloharibu mzigo mwingi, na Diwali yenyewe huangukia Oktoba au Novemba, vuli ikiwa inanyesha.

Kinachonyonya maji si baruti tu. Karatasi inanyonya, makaa yaliyomo kwenye baruti yananyonya, na shura, ile chumvi iliyomo kwenye baruti, ikiwa si safi, yenye chumvi nyingine ndani, inavuta maji hewani kama chumvi ya jikoni inavyofanya wakati wa masika. Kizibo cha udongo nacho kikipata unyevu kinavimba, kikikauka kinasinyaa na kuachia mwanya pembeni. Hapo umeshapata “fyuu”.

Ndiyo sababu kuanika hakusaidii. Fataki iliyolowa ikikauka, chumvi iliyoyeyuka inajikusanya upya mahali pengine, mchanganyiko hauko sawa tena, kizibo kimelegea, utambi umekakamaa na unavunjika ukiguswa. Kuna inayozima na kuna inayowaka kasi kuliko ulivyotarajia, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Usizianike juani, usizikaushe kwa feni ya joto wala karibu na jiko. Iliyolowa imekufa. Itoseni kwenye ndoo ya maji na kuitupa, hasara ni ya pesa tu.

Mzigo mzima utunzeni hivi: uacheni kwenye karatasi na plastiki yake ya kiwandani, msiifungue “kukagua”. Tieni kwenye kasha la mbao au la kadibodi nene, kasha likae juu ya ubao, lisiguse sakafu ya saruji wala ukuta wa nje, na liwe mbali na jiko, taa ya mafuta, betri na mafuta ya taa. Stoo ya vyakula haifai kwa sababu watu wanaingia na kutoka na mshumaa. Na msinunue mapema hivyo. Miezi mitatu ya unyevu wa Mombasa ni mingi kwa kitu cha karatasi, wiki mbili zinatosha.

Ukifungua siku yenyewe, angalia shashi ya utambi. Iwe kavu, inakwaruza kidogo kati ya vidole, na rangi ya kijivu ya baruti ionekane sawasawa. Ukiona madoa meupe kama unga wa chumvi juu ya karatasi, au utambi uko laini kama uzi wa pamba, mkufu huo weka kando.

Vijiti vya cheche viacheni kwa kazi nyingine. Joto lake ni la kuyeyusha baadhi ya metali na cheche zake zinaruka kila upande, kwa hiyo anayewasha mkufu kwa kijiti hicho anawasha pale alipokusudia na pale asipokusudia. Tumieni udi wa vijiti, ule mrefu. Kaa lake ni dogo, halipeperuki, na unaweza kuligusisha kwenye ncha ya utambi huku mkono umeunyoosha na uso umegeukia pembeni. Mwashaji awe mmoja, mtu mzima, miwani machoni, nguo ya pamba. Nailoni na hariri bandia zinayeyuka na kugandana na ngozi, na ushungi au pindo la sari linaloning’inia lifungwe kiunoni kwanza. Mzigo usiowashwa uwe na mfuniko, nyuma ya watu, na upepo usitoke kwenye mkufu kuelekea huko.

Utambi_Mkuu:

Nakubaliana na Stoo_Kavu. Umbali: kwa mkufu watazamaji wasipungue mita 15, kwa sababu si mlio tu, kuna fataki zinazochomoka zikiwa zimewaka na kupasukia kwingine. Ndoo mbili za maji na moja ya mchanga ziwe upande wa mwashaji. Ndoo za maji hazina mbadala. Mchanga ni wa kuzima majani au karatasi inayoungua, si wa kufukia fataki zisizolia. Ukizifukia umezificha tu.

Sikio_Moja:

Kuna jambo halijasemwa. Mkufu mrefu umefungiwa mahali pengi, na sababu zake zinawahusu hata nyinyi kiwanjani.

India, ambako Sivakasi ya Tamil Nadu ndiyo mji wa fataki, tangu 1999 kuna kikomo cha mlio: desibeli 125 zikipimwa mita 4 kutoka fataki inapopasukia. Kwa fataki zilizounganishwa, kikomo cha kila moja kinashushwa kadiri idadi inavyopanda. Mkufu wa 100 unashushwa desibeli 10, wa 1000 unashushwa 15, yaani kila fataki ya mkufu wa 1000 isizidi 110. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya India ikaenda mbele zaidi na kupiga marufuku kutengeneza, kuuza na kutumia mikufu kabisa, kwa moshi wake, kelele zake na taka zake. Kwa Diwali ikaruhusu fataki zenye moshi pungufu, saa 2 hadi saa 4 usiku. Hong Kong fataki zilizuiwa 1967, Singapore 1972. Beijing ilizuia katikati ya jiji 1993, ikalegeza 2005, kisha ikarudi kubana.

Kwa Kenya, fataki ziko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Diwali kuwa sikukuu rasmi kwa Wahindu hakumpi mtu ruhusa ya kuwasha anachotaka. Nunueni kwa mwenye leseni, na mkitaka onyesho la kiwanja kizima mwenyekiti wa kiwanja afike kituo cha polisi mapema, si siku moja kabla. Walio Tanzania wanajua kwamba kila mwisho wa mwaka polisi hutangaza katazo la kulipua fataki na baruti bila kibali, na hukamata.

Ushauri wangu ni kuacha wa 1000. Nunueni ya 100 kumi, muiwashe mmoja baada ya mwingine na pumziko la dakika chache katikati. Idadi ni ileile, hakuna roli, hakuna kukatika, moshi unapata nafasi ya kupanda, na wenye watoto wachanga, wagonjwa wa pumu na mbwa wanajua lini kelele inakuja na lini imekwisha. Msiiunganishe kuwa mmoja kwa kufunga utambi kwa utambi. Na msikate wa 1000 kwa kisu au mkasi, kwa sababu utambi una baruti kavu ndani na baruti kavu haipendi kusuguliwa na chuma. Kwa wasiotaka baruti kabisa, Wachina wa miji iliyofungiwa hutundika mkufu wa umeme: mirija myekundu ya plastiki yenye taa na kipaza sauti kidogo, inalia na kumetameta, na mwakani inatolewa tena kabatini.

Zamu_ya_Usiku:

La huduma ya kwanza, kwa wanaofanya kazi wodini hili ni la kila mwaka. Aliyeungua: maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 kamili, mkizihesabu kwa kutazama saa. Vueni pete na bangili kabla kidole hakijavimba. Nguo iliyogandana na ngozi msiibandue. Dawa ya meno, samli, asali, yai, barafu: hakuna hata kimoja. Funikeni kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na kama ni uso, kiganja, au jeraha kubwa kuliko kiganja cha mwenyewe, nendeni hospitali.

Jicho ni tofauti. Jicho lililopigwa na fataki msilisugue, msilioshe, msilikandamize wala kutia dawa yoyote ya matone. Chukueni kikombe cha karatasi, kateni kitako chake, kiegemezeni kwenye mfupa unaozunguka jicho ili kitu kisiliguse, kishikizeni kwa plasta, na safari ianze hapo hapo. Msimpe aspirini njiani.

Kiwanja_Kimoja:

Limenikaa. Tutanunua ya 100 na tutatundika kwenye nguzo ya wavu wa mpira, haina makuti karibu. Mnisaidie la mwisho: baada ya mlio kwisha, mabaki yaondolewe kwa utaratibu gani ili watoto wasikute kitu alfajiri?

Utambi_Mkuu:

Fataki ya mwisho ikilia, hesabuni dakika 30 bila mtu kusogea pale. Kisha mtu mmoja amwagie eneo zima maji, si kunyunyiza, kumwaga mpaka karatasi ziloe na kulala. Halafu tochi mbili, moja iwekwe chini ardhini ikimulika kwa ubavu, maana fataki nzima ikimulikwa kutoka juu hufanana na karatasi nyekundu nyingine, ila kwa mwanga wa ubavuni inatoa kivuli cha mviringo na unaiona mara moja. Ziokoteni kwa koleo refu la mkaa, si kwa mkono, mzitose kwenye ndoo ya maji na ndoo ifungiwe mahali mpaka kesho yake. Karatasi zilizobaki zifagiliwe zikiwa mbichi na ziingie ndoo hiyohiyo. Asubuhi chujeni, funga kwenye mifuko miwili ya plastiki ingali mbichi, ndipo iende pipa la taka. Msichome taka hizo, wala pipa hilo lisichomwe siku hiyo.

Na kwa kuwa mtatundika nguzoni, angalieni juu pia. Fataki moja mbili huwa zimenasa kwenye wavu.